Matope ya Magari: Udongo Uwahi Ungali Maji

Wahenga waliposema kwamba udongo uwahi ungali maji, hawakuwa wakifikiria gari. Walimfikiria mfinyanzi, ajuaye kwamba chungu hufinyangwa udongo ukiwa mbichi, na kwamba ukishakauka haukubali tena mkono wa mtu. Walimu huifunza methali hii kila mwaka, na wanafunzi huitungia insha kuhusu malezi ya watoto. Kisha sote hutoka darasani tukapanda matatu iliyovaa tope la juma zima, na wala hatukumbuki kwamba methali tuliyoifunza asubuhi inatuhusu jioni. Leo ninakusudia kuirudisha methali hiyo kwenye udongo wenyewe.

Anayeijua Ishiara anajua kwamba msafiri wa pale ana maadui wawili, vumbi na matope, nao hupokezana zamu. Soko hilo la Mbeere Kaskazini, katika kaunti ya Embu, limekaa katika nyanda za chini zenye joto, mbali na ubaridi wa miinuko ya Mlima Kenya kunakolimwa chai na kahawa. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, halafu kati ya Oktoba na Disemba. Hii ya pili ndiyo wakulima wa pojo, kunde na mtama huitegemea zaidi. Barabara ya Mate itokayo Ena, ikapita Ishiara na kuvuka mto Thuci kuelekea Tharaka na Meru, ina lami, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini ni wangapi waishio kando ya lami? Shule nyingi, zahanati, na mashamba ya miembe na muguka yamo ndani, kwenye njia za changarawe na za udongo mtupu. Mwalimu hufika kazini kwa bodaboda, mgonjwa hutolewa kwa gari la kukodi, na mazao huja sokoni kwa pikapu. Wote hao hupita katika tope lilo hilo.

Watu wengi hudhani kwamba tope kwenye gari ni jambo la sura tu. Gari chafu, wasemavyo, ni aibu ya mwenyewe, na haliendi polepole zaidi ya lililo safi. Mimi nasema dhana hiyo ni potofu, na huenda ikaua mtu. Tope linaloganda garini huanza kwa kuficha taa, kisha hufunika vibao vya namba na vioo vya pembeni. Huingia chini ya madigadi likajaza ile nafasi ambamo tairi hugeukia, hata usukani ukawa mzito na kona ikakataa kukatika. Hujaza mifereji ya tairi, nalo tairi jipya likawa laini kama kipara. Huziba matundu ya rejeta, na katika joto la Ishiara injini huchemka kabla ya safari kufika nusu. Huingia katika breki, nazo huchelewa kushika au hushika upande mmoja. Likigandamana upande mmoja wa ringi, gurudumu hupoteza ulinganifu wake na usukani hutetemeka mikononi mwa dereva, ambaye hudhani gari lina ugonjwa mkubwa.

Jioni moja ya mwezi wa Novemba nilikuwa nikitoka shuleni katika gari la abiria, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Mbele yetu palikuwa na pikapu iliyosheheni magunia. Taa zake za nyuma zilikuwa zikiwaka, jambo nililolithibitisha baadaye iliposimama kando, lakini tope lilikuwa limezifunika kabisa, hata mwanga wake haukutoka. Dereva wetu aliiona pikapu hiyo tulipokuwa tumeikaribia mno, akakanyaga breki, abiria wakarushwa mbele, na mama mmoja akampiga mtoto wake kiwiko pasipo kutaka. Hakuna aliyeumia sana. Hata hivyo, niliwaza kwamba lau gari letu lingekuwa na breki zilizojaa tope kama zilivyojaa taa za yule mwenzetu, leo ningekuwa na habari nyingine ya kusimulia, au nisingekuwapo kuisimulia.

Hali hii si ya Waafrika peke yao. Sisi theluji tunayoijua ni ile iliyoko juu ya Mlima Kenya, mita 5,199 kutoka usawa wa bahari, nayo barafu yake imekuwa ikipungua kwa miaka mingi. Lakini Wakenya wanaoishi katika majimbo ya baridi ya Marekani, kama Minnesota na Massachusetts, wanalijua tope la aina nyingine. Theluji ianguakapo barabarani hukanyagwa na magari, huchanganyika na maji, mchanga na chumvi inayomwagwa ili kuiyeyusha, ikawa rojorojo la rangi ya majivu. Rojo hilo hurushwa na tairi likajikusanya chini ya madigadi. Usiku, kipimo cha joto kishukapo chini ya sifuri, huganda likawa jiwe. Asubuhi mwenye gari akigeuza usukani, tairi husugua jiwe hilo, au hukataa kugeuka kabisa. Ndiyo maana dereva mzoefu wa huko huligonga rojo hilo kwa kiatu au kwa kijiti jioni, kabla ya kulilaza gari.

Tazama basi jinsi mambo yanavyofanana. Kule baridi ya usiku hugeuza rojo kuwa jiwe, na huku jua la asubuhi hugeuza tope kuwa tofali. Maadui ni wawili, baridi na joto, lakini wakati wa kupigana nao ni mmoja tu, nao ni ule muda mfupi ambapo kilichonata bado ni kibichi. Dakika tano za jioni hufanya kazi ambayo kesho yake itahitaji patasi, na patasi hiyo huenda ikatoboa mpira wa breki au ikakwangua rangi iliyozuia kutu.

Kuhusu kutu, wenzetu wa nchi za baridi wana msiba ambao sisi wa bara hatuna. Chumvi huteremsha kiwango ambacho maji hugandia, ndiyo sababu humwagwa barabarani, lakini maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi na hivyo huharakisha kutu ya chuma. Watu wa Mombasa na Lamu, ambao magari yao hupigwa na upepo wa bahari, wanalijua jambo hili. Hata hivyo tope letu lisilo na chumvi nalo si rafiki wa chuma. Likijishindilia katika pembe za uvungu, hushika unyevu kwa siku nyingi baada ya mvua kukatika. Juu gari linang'aa, na chini linaliwa polepole, hadi siku fundi wa jua kali anapolipandisha na kugonga kwa nyundo, nayo nyundo ikapenya.

Yuko atakayesema kwamba matope ni kudura, na kwamba mwenye bahati hupita, asiye na bahati hukwama. Ninamwalika mtu huyo aangalie historia ya mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 na ambayo kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ya mvua. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yaliondoka, na yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na mara hii pia yaliyofika yalikuwa 7. Mvua na matope viliyameza mengine. Sasa, nani aliyeshinda 1963? Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Na nani aliyeshinda 1968? Watu wawa hao, katika gari la aina iyo hiyo, aina ambayo watu wa kawaida waliiendesha katika barabara zetu. Bahati haimtembelei mtu mmoja mara mbili namna hiyo, katika miaka miwili iliyo mibaya kupita yote. Walioshinda tope walikuwa wamejiandaa, na walijua wakati wa kukaza mwendo na wakati wa kupunguza.

Sasa nije kwenye maandalizi yenyewe, maana makala isiyo na la kufanya ni kelele. La kwanza hufanywa kabla ya mvua. Uvungu na nafasi za chini ya madigadi zioshwe zikauke, kwa sababu tope jipya hunata upesi juu ya tope kuukuu kuliko juu ya chuma kisafi. Palipopakwa rangi pakisuguliwa nta pakawa laini, tope hukosa pa kushika na huanguka lenyewe. Wako wanaopaka mafuta machafu ya injini. Mimi siwaungi mkono, kwa kuwa mafuta hayo huharibu mipira iliyoko uvunguni, yakigusa breki huziondolea msuguano, na mvua ikinyesha huteremka hadi mtoni.

La pili ni vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu. Wengi huving'oa vinapochanika na wasivirudishe. Kazi yake ni kulizuia tope lisirushwe kwenye uvungu wa gari lenyewe na kwenye kioo cha gari lifuatalo. Kipande cha tairi kuukuu, kikikatwa vizuri na fundi, hutosha.

La tatu ni mwendo. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba kani inayohitajika kukishika kitu kwenye duara linalozunguka huongezeka kwa mraba wa mwendokasi. Ukiongeza mwendo mara mbili, tope huhitaji kani mara nne ili libaki kwenye tairi. Linaposhindwa, hung'oka na kurushwa. Anayekimbia katika tope hulisambaza kila mahali, hadi kwenye taa na rejeta. Anayekwenda taratibu huliacha sehemu kubwa lirudi chini lilikotoka.

La nne ni kusimama. Gari litokapo katika njia ya udongo na kabla ya kupanda lami, dereva na utingo wake washuke na kijiti cha mti. Chuma hakifai, maana hukwangua na kutoboa. Walitoe tope chini ya madigadi na ndani ya ringi, wapanguse taa, vioo vya pembeni na vibao vya namba kwa kitambaa kilicholowa. Kitambaa kikavu husugua chembe za mchanga juu ya kioo na kuutia ukungu wa mikwaruzo. Taa zisiachwe hadi asubuhi, kwa kuwa joto la balbu hulioka tope juu yake. Wakipanda lami, wazikanyage breki kwa upole mara chache ili zikauke na kujisafisha. Kufanya hivyo kunawafaa na wengine pia, maana mabonge ya tope yanayoangushwa juu ya lami hugeuka utelezi mvua ya kwanza inaponyesha, na mwenye pikipiki ndiye huanguka.

Nimemtaja mwenye pikipiki, naye ana shida yake ya pekee. Tope hujishindilia kati ya tairi la mbele na madigadi yake hadi gurudumu likakwama ghafla, na abiria akajikuta shimoni. Baadhi ya wahudumu wa bodaboda huing'oa madigadi hiyo kabisa. Hapo gurudumu huzunguka, lakini tope hurukia macho ya mwendeshaji, taa na injini. Lililo bora ni kuipandisha madigadi ili iache nafasi pana juu ya tairi. Kazi hiyo fundi yeyote wa pikipiki anaiweza.

La tano linahusu maji, na hapa ningependa tuelewane. Katika sehemu za Mbeere, mtungi wa lita 20 ni mali. Haifai kuosha gari kwa mitungi kumi ilhali jirani hana maji ya kupikia. Wala haifai kuliingiza gari katika mto Thuci au Ena, kwa kuwa walioko chini hunywa maji hayo, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 imeharamisha kuchafua maji. Hapa ndipo hekima ya methali yetu inapoonekana. Tope bichi hutoka kwa kijiti karibu lote, nayo ndoo moja ikatosha kumalizia taa, breki na rejeta. Tope lililokauka hudai ndoo nyingi kulilainisha tu. Awahiye huokoa maji, na asiyewahi huyatafuta kwa wenzake. Tahadhari moja: breki zilizo moto zisimwagiwe maji baridi ghafla, ziachwe zipoe kwanza.

Najua pingamizi zitakuwapo. Kuna watakaosema dawa ya matope ni lami, na kwamba ninawalaumu madereva badala ya kuwalaumu wanaopaswa kujenga barabara. Nami nataka lami, na kabla ya lami nataka mitaro ya kuondoa maji njiani, ambayo gharama yake ni ndogo na faida yake ni kubwa. Lakini lami haitafika kila shule mwaka huu wala mwakani, na mvua ya Oktoba haitaingoja. Kudai barabara njema hakumzuii mtu kupangusa taa.

Kuna pia pingamizi la kweli zaidi, nalo ni la dereva mwenyewe. Gari mara nyingi si lake. Mwenye gari amemwekea kiasi cha fedha anachopaswa kukileta kila jioni, na dakika tano za kusimama mara nne kwa siku ni safari moja iliyopotea. Kwa hivyo siwezi kumtupia dereva lawama yote. Mwenye gari anayedai hesabu kamili siku ya mvua sawasawa na siku ya jua ndiye anayenunua ajali kwa mkopo. Apunguze hesabu siku za mvua, naye atazirudisha fedha hizo kwa breki zisizobadilishwa mapema na kwa rejeta isiyoziba.

Katika jimbo la New Hampshire huko Marekani, sheria humtaka dereva aondoe theluji na barafu juu ya gari lake kabla ya kuingia barabarani, kwa sababu mabonge yaliyoruka kutoka magari yamewahi kuwaua wengine. Sisi pia hatukosi sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe na taa, na vibao vya namba visomeke. Mabasi ya shule yametakiwa kupakwa rangi ya manjano ili yaonekane kwa mbali. Sasa basi la shule lililofunikwa tope hadi madirishani lina rangi gani? Tumelipa gharama ya rangi, kisha tukaificha. Askari wa barabarani anayelisimamisha gari kwa kosa la tairi angelitazama pia tope lililoko juu ya taa.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Mtaala wa umilisi unaotumika shuleni sasa unataka mwanafunzi ajifunze kwa vitu vilivyomzunguka, nasi tumezungukwa na tope. Mwalimu wa sayansi achukue lita moja ya tope bichi, wanafunzi wailaze kwenye mizani, na wataona kwamba huzidi kilo moja na nusu kwa urahisi. Ikiwa kila gurudumu limebeba lita 5, gari zima limebeba lita 20, yaani kilo 30 au zaidi, uzito wa mtoto wa shule ya msingi asiyelipa nauli na anayekula petroli. Wapake tope juu ya vipande viwili vya bati, kimoja kimesuguliwa nta na kingine hakikusuguliwa, wavianike juani, kisha wajaribu kulitoa. Wahesabu vikombe vya maji vinavyohitajika kuliondoa likiwa bichi na likiwa limekauka. Mwalimu wa Kiswahili naye, siku ya kuifunza ile methali, awatoe wanafunzi nje walitazame basi lao.

Na wewe mwanafunzi usijione mdogo. Unapopanda gari jioni na kuona taa zake zimefunikwa, mwambie dereva kwa adabu: "Taa zako hazionekani, mzee, niruhusu nizipanguse." Sijamwona dereva atakayemgombeza mtoto kwa neno kama hilo. Mvua zitakuja tena Oktoba kama kawaida yake. Vijiti na vitambaa vitafutwe sasa, vumbi lingalipo.